Upepo Kwenye Banda la Nyanya

"Amekuja tena," alisema bibi Safta, kabla hata Zamfira hajafunga kitambaa chake kichwani. "Nimemsikia alfajiri. Amepita kisimani, akaingia bandani kwako, akakohoa mara mbili. Kikohozi chake kile kile cha sigara."

"Mama, ni mimi. Nilikwenda kutia kuni kwenye jiko la miche."

"Wewe hukohoi kama mwanamume."

Zamfira aliinamia sufuria ya maharage. Kwa miaka miwili alikuwa amejifunza kwamba kumjibu mama mkwe wake asubuhi ni kuharibu siku nzima. Mezani palikuwa na sahani tatu, ingawa ndani ya nyumba mlikuwa na wanawake wawili tu. Sahani ya tatu ilikuwa ya Onisim, mume wa Zamfira, mtoto pekee wa Safta.

Majira ya kuchipua ya mwaka juzi, theluji ya milimani iliyeyuka kwa mkupuo na mto Olt ukavunja kingo zake. Jioni moja Onisim alikwenda kuokoa pampu ya kumwagilia iliyokuwa ukingoni, nyuma ya mierebi. Pampu ilikutwa imenasa kwenye mti. Onisim hakukutwa. Wazima moto walipekua mto siku kumi na moja, wakapiga mbizi, wakachokoa matope kwa fito ndefu, kisha wakafunga mashua zao kwenye gari na kuondoka. Padri alikuja mara tatu kumwomba Safta akubali ibada ya marehemu. Mara zote tatu alimfukuza getini.

"Haombewi kama marehemu mtu asiye na maiti," alimwambia. "Mwanangu yuko njiani."

Na tangu siku ile Safta hakuonja tena kitu chochote kilichoota shambani mwao. Wala figili, wala kitunguu, wala jani la kabichi. "Mmekinywesha maji ya mto ule," alisema. "Kuleni ninyi."

Zamfira alikuwa na jambo lake ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Jioni ile Onisim alikuwa ameshavua viatu, amejinyoosha kitandani, amechoka. Alisema pampu na iende, ni chuma tu. Ni yeye Zamfira aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni, akamuuliza: "Ikienda, nyanya tutazimwagilia kwa mate?" Onisim akacheka, akavaa viatu vyake, akatoka. Maneno hayo hayakuzama na mwenye kucheka. Kila alipowasha pampu yalimrudia kwa sauti yake mwenyewe, kali, yenye dhihaka, na nyuma yake kicheko kile kikitoka nje ya mlango.

Siku hiyo ya Jumanne upepo ulianza kuvuma tangu kifungua kinywa. Ulitoka kusini, mkavu, wa vipindi vipindi. Zamfira aliingia bandani akafunga mlango wa nailoni nyuma yake. Miche elfu moja na mia nane ilikuwa ikimngoja kwenye vikopo vyake, mashina yameanza kurefuka na kulegea kama wasichana waliokua ghafla. Isipoingia ardhini wiki ile, ingeharibika. Na bila nyanya zile za mapema za mwezi Juni, mwaka mzima ungekuwa wa kubahatisha, maana nyanya za Julai kila mtu anazo.

Alipiga magoti akaanza. Shimo kwa kijiti, mche, udongo, gonga kwa vidole, songa mbele. Ndani mlikuwa na joto na unyevu, na nailoni ilikuwa ikipumua juu yake, ikivimba na kunywea. Alikuwa kwenye mstari wa tatu aliposikia mtu akifanya kazi ile ile upande wa pili wa banda. Kijiti kikiingia udongoni. Vidole vikigonga. Mtu wa mwendo wa polepole, anayepumzika baada ya kila mche wa nne, kama alivyokuwa akipumzika Onisim. Halafu harufu ya tumbaku.

Hakugeuka. "Kama ni wewe," alisema kwa sauti ndogo, "nisamehe, uende."

"Niende wapi, hata sijaingia?"

Zamfira aliruka. Mlangoni alisimama Lisandru, kreti mbili za vikopo mikononi, nywele zimetibuliwa na upepo. Hakuwa na sigara. Lisandru hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake.

"Mungu wangu, Sandu! Unaingia kama mwizi."

"Mwizi huondoka na vitu. Mimi naleta." Aliweka kreti chini, akamtazama. "Umekuwa mweupe. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na nyanya. Hupenda kuongeleshwa."

Lisandru alikuwa fundi seremala, rafiki wa Onisim tangu walipobatizwa juma moja. Ndiye aliyefika wa kwanza mtoni jioni ile, akasema amekuta kamba ya pampu tu. Tangu Onisim apotee, hakuna jembe lililokatika kwa Zamfira likalala halijatengenezwa. Mwaka wa kwanza alikuja, akafanya kazi, akaondoka bila kukubali hata glasi ya maji. Mwaka wa pili alianza kukaa mezani. Mwaka huu alianza kuchelewa kuondoka. Na Jumamosi iliyopita, walipokuwa wakipakia vitunguu vya majani kwenda sokoni Caracal, alisema bila kumtazama, akifunga kamba ya gari: "Zamfira, mimi ningekuoa." Kisha akakaza fundo kana kwamba amesema mvua inakuja.

Sasa alipiga magoti mstari wa pili, ana kwa ana naye. Walipanda mche kwa mche. Mara mbili mikono yao ilikutana juu ya kreti moja, na mara zote mbili hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoa wake.

"Umefikiria?" aliuliza Lisandru.

"Nimefikiria kama miche itatosha mistari yote."

"Zamfira."

Aliinua macho. Macho ya Lisandru yalikuwa ya kijivu, yenye mikunjo pembeni, na kila mara yalipomtazama yalikuwa kama yanaomba radhi. Zamfira alidhani ni haya. Alipenda haya ile. Usiku mwingine aliilalia, akaamka nayo, akajichukia hadi saa nne asubuhi.

"Mimi ni nani, Sandu? Niambie. Mjane ana kaburi la kwenda kulia. Mke ana mume wa kugombana naye. Mimi nina sahani mezani."

"Kuna jambo la kukwambia kabla hujanijibu," alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ukishalisikia, pengine hutakuwa na haja ya kujibu."

"Basi sema."

Aliitazama mikono yake. "Tumalize mstari huu kwanza."

Hawakuumaliza. Mlango wa nailoni ulifunguliwa na upepo ukaingia pamoja na Safta, shali nyeusi imembana kichwani, fimbo mkononi.

"Nilijua. Leana wa jirani ameniuliza ukutani, 'Mzimu wa mwanao siku hizi anapanda kwa mikono minne?' Kijiji kizima kinacheka!"

"Shikamoo, mama Safta," alisema Lisandru akisimama.

"Usiniite mama. Aliyeniita mama yuko njiani kurudi, na akirudi atakukuta umemkalia kitandani."

"Mama!" Zamfira alisimama pia, magoti yamejaa matope. "Hakuna aliyekalia kitanda cha mtu. Tunapanda nyanya. Wewe unataka nipande peke yangu, nivune peke yangu, nizeeke peke yangu, nikimsikiliza mtu anayekohoa?"

"Kwa hiyo nawe humsikia!" Macho ya kikongwe yaling'aa. "Sema! Humsikia!"

Ndipo banda lilipolia.

Ulikuwa mlio mrefu, kama shuka kubwa linalochanwa na watu wawili. Nailoni ya upande wa kusini ilikuwa imeng'oka kutoka udongoni, na upepo ukaingia chini yake na kuinua paa zima hadi matao ya mabomba yakaanza kuyumba. Kreti ziliruka. Vikopo vilibingirika. Baridi kali ikashuka juu ya miche iliyozoea joto.

"Kamba!" alipiga kelele Zamfira. "Sandu, shika kamba ya kusini! Mama, toka nje, bomba litakuangukia!"

Lisandru alikuwa ameshatoka. Aliirukia kamba iliyokuwa ikichapa hewani kama mjeledi, akaizungusha mkononi mara mbili, akakita visigino ardhini. Nailoni ilimvuta hatua tatu, nne. Zamfira alikimbilia magunia ya samadi, akaburuta la kwanza, akalitupa juu ya ukingo, akarudi kwa la pili. Mchanga ulimwingia machoni. Kila gunia lilikuwa zito kama mtu mzima, lakini hakupumzika. Miezi mitatu ya kuamka usiku kutia kuni, mbegu kwa mbegu, ilikuwa ikipepea juu ya kichwa chake.

Upepo ukaja kwa nguvu mpya. Akamwona Lisandru akiteleza.

"Usiachie, Sandu!" alipiga yowe. "Usiachie! Usiachie!"

Lisandru aligeuza uso upande wake, na Zamfira hakuwahi kuona uso wa mtu aliye hai ukiwa vile. Ulikuwa umepauka kama chokaa. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama kitu kilichokuwa mbele yake, chini, mahali pasipo na kitu. Alianguka kwa magoti, akajifunga kamba ile mwilini, akainamisha kichwa, akabaki hivyo.

Zamfira alitupa gunia la mwisho, la kumi na nne. Aliingiza ukingo udongoni kwa koleo, akaukanyaga, akaukanyaga tena. Taratibu paa lilitulia. Upepo ulipungua, ukapita juu ya mierebi kuelekea mtoni.

"Imetosha," alisema akihema. "Tumeishika. Achia sasa."

Hakuachia.

"Sandu, upepo umepita. Achia."

"Siwezi," alisema kwa meno yaliyofungwa. Damu ilikuwa ikichuruzika kati ya vidole vyake. "Niliachia mara moja."

"Uliachia nini?"

Zamfira alipiga magoti mbele yake na kuanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, kama anavyofunguliwa mtoto aliyelala na kitu mkononi. Alikuwa amefika kidole cha tatu alipoelewa, na mikono yake mwenyewe ikasimama.

Safta, aliyekuwa amesimama ukutani mwa banda akishika shali yake, ndiye aliyesema kwanza.

"Mlete ndani," alisema. "Aongee akiwa amekaa."

Jikoni Zamfira aliosha kiganja kile kwa maji ya moto na pombe kali ya matunda. Lisandru hakukunja uso. Alisema akitazama meza.

"Niliwaambia nilifika nikakuta kamba tu. Si kweli. Nilimkuta akiwa hai. Alikuwa ameshika tawi la mwerebi, maji yamemfika hapa. Nililala kifudifudi ukingoni nikampa mkono. Akaushika. Nilimvuta, mto ukamvuta. Akasema, 'Usiachie, Sandu.' Nikamwambia siachii. Ukingo ukaanza kumeguka chini ya kifua changu. Nilisikia udongo ukienda. Akasema tena. Na mimi..." Jiko lilitoa mlio wa kuni. "Mkono haukuteleza, Zamfira. Nimejaribu kwa miaka miwili kukumbuka kwamba uliteleza. Niliogopa kufa. Nikaachia."

Zamfira aliweka kitambaa chini. Kwa muda aliusikia mto ndani ya masikio yake, ingawa ulikuwa mbali na nyumba.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili umekula mezani hapa. Umekaa mbele ya sahani yake! Ulimwona huyu bibi akiacha mlango bila komeo kila usiku, ukanyamaza! Ulikuja hapa kwa ajili yangu, au kwa ajili ya dhambi yako?"

"Mwaka wa kwanza, kwa ajili ya dhambi," alisema Lisandru. "Mwaka wa pili nilikuwa sijui. Mwaka huu, kwa ajili yako. Ndiyo maana nisingeweza kuendelea kunyamaza."

Safta alisogeza kiti chake. Alikaa karibu kabisa na Lisandru, magoti kwa magoti.

"Aliniita?"

Lisandru alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Alikuwa na maji mdomoni."

"Ulimshika muda gani?"

"Sijui. Muda wa kusali Baba Yetu, labda mara mbili."

"Mkono upi?"

Aliuinua ule wa kulia, uliochanika. Safta aliuchukua kwa mikono yake yote miwili, mikono mikavu yenye mishipa, akaugeuza, akautazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akaulaza kwenye shavu lake, akafumba macho.

"Basi huu ndio wa mwisho kumgusa mwanangu," alisema Safta. Akaurudisha mezani taratibu. "Sasa ondoka nyumbani kwangu."

Lisandru aliondoka. Zamfira hakumsindikiza wala hakumtazama akitoka, ila alisikia kila hatua yake hadi getini, na kila hatua ilimuuma mahali ambapo alidhani palishakufa.

Wanawake wawili walibaki. Ndipo Zamfira alipoona kwamba hawezi kumhukumu mtu huku yeye amefunika lake.

"Mama, mimi ndiye niliyemtuma. Alikuwa ameshavua viatu. Nilimdhihaki."

"Najua."

"Unajua?"

"Ukuta wangu na wenu ni wa mbao. Nilisikia. Kuhusu mate."

Zamfira alikaa chini sakafuni. "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukunifukuza?"

"Ningekwambia, ungeondoka," alisema Safta. "Ningebaki na nani?"

Kisha kikongwe akaanza kulia. Hakuwa amelia hata siku moja tangu wazima moto waondoke. Alilia kwa sauti, kwa mashairi ya maombolezo ya wanawake wa kwao, akimwita mwanawe kwa majina ya utotoni, hadi Leana wa jirani akaja mbio bila viatu, akasimama mlangoni.

"Usisimame hapo kama mti," Safta alimwambia kati ya machozi. "Nenda kamwite padri. Na wewe, Zamfira, tuna ngano kiasi gani?"

Katika kwaresima Jumamosi ni za marehemu. Jumamosi hiyo walikwenda kanisani na sinia ya ngano iliyochemshwa kwa asali na jozi, msalaba wa sukari juu yake. Siku tatu zilizotangulia Zamfira alikuwa amepanda peke yake miche iliyobaki. Mia nne ilikufa kwa ile baridi. Mingine iliinama siku mbili, kisha ikanyanyuka. Hakusikia kikohozi. Alisikiliza, na hakujua kama anashukuru au anasikitika, kwa maana ukimya nao ulikuwa na uzito wake, kama nyumba ambayo mgeni wa siku nyingi ameiaga.

Lisandru alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, mkono umefungwa kitambaa. Watu walimwachia nafasi kubwa pembeni yake. Habari ilikuwa imeshaenea.

Ulifika wakati wa kuimba Kumbukumbu ya Milele, ambapo jamaa wote huishika sinia na kuitikisa juu na chini kwa mwendo wa wimbo, na asiyeifikia hushika bega la aliye mbele yake. Safta alishika upande wake. Zamfira akashika wa pili. Padri akavuta pumzi.

"Subiri," alisema Safta. Aligeuka, akatafuta kwa macho kanisa zima. "Lisandru. Njoo ushike."

Hakuna aliyejongea. Mtu fulani alinong'ona. Lisandru alikuja kupitia katikati ya watu kama anayetembea ndani ya maji, akasimama, akaweka mkono wake mzima chini ya sinia. Sinia ilianza kutetemeka kabla hata ya wimbo.

"Na ule mwingine," alisema Safta.

Akauweka na ule mwingine. Waliimba. Zamfira aliimba akimtazama juu ya ngano, na alimwona akilia bila kujificha, na kwa mara ya kwanza macho yale ya kijivu hayakuwa yakiomba radhi. Yalikuwa macho ya mtu tu, aliyechoka na mwenye huzuni, na Zamfira alijua kwa hakika kwamba anampenda. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mzimu wowote.

Nje, uani mwa kanisa, Safta alibaki akigawa ngano kwa majirani. Lisandru alimngoja Zamfira kando ya uzio, kofia mkononi.

"Nakwenda kwa dada yangu, mjini Slatina," alisema. "Kuna kazi ya kuezeka huko. Ni vizuri usinione kwa muda."

"Muda gani?"

"Wewe ndiye wa kusema."

Zamfira alitazama chini bondeni, mahali nailoni ya banda lake ilipong'aa, na nyuma yake mierebi iliyoanza kuota majani, na nyuma ya mierebi ule mto.

"Sijakusamehe bado, Sandu."

"Najua." Alivaa kofia yake. Alikuwa ameshapiga hatua mbili.

"Hujui," alisema Zamfira. "Sikiliza vizuri mtu anaposema. Nimesema bado. Sikusema kamwe."